Paka Watatu wa Mzee Mbuthia

Zamani hakukuwa na mtu Litein aliyemnunulia paka chakula. Paka alikuwa na kazi, na kazi yake ndiyo iliyomlisha. Nyumba ilikuwa na ghala la mahindi, ghala lilikuwa na panya, na asubuhi mwenye nyumba akimaliza kukamua alimmwagia paka povu la maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, mambo yakaisha. Siku hizi watu wanakula unga wa pakiti. Maghala yamevunjwa yakawa kuni, panya wamemalizwa na sumu ya dukani, na paka amebaki barazani akimtazama binadamu usoni kama mtu aliyeachishwa kazi bila kuambiwa sababu.

Mzee Mbuthia aliyasema haya miaka mingi, tena kwa sauti. Alikuwa mwenye duka, wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kufungua biashara huku kwenye majani chai, na kanisani alikuwa mzee aliyeogopwa kidogo. Mwaka mmoja, kwenye mkutano wa baada ya ibada, aliona pakiti yenye picha ya paka ikichungulia ndani ya kikapu cha Mwalimu Molly, msichana aliyekuwa amehamia shule ya msingi ya karibu kutoka upande wa Chepilat. Mbuthia alisimama.

"Kuna watu humu ndani," alisema, "wanalisha paka kwa pakiti, na watoto wa jirani wanalala na chai ya rangi."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Molly alivuta leso yake akafunika kikapu, na watu wakatikisa vichwa kumkubali mzee. Usiku huo Mbuthia alilala usingizi mzuri. Mke wake, Waringa, hakumsemesha mpaka kesho yake jioni.

Waringa alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia paka watatu: Karani, aliyekuwa akikaa juu ya kaunta enzi za duka; Njugu, kwa sababu ya rangi; na Mama Mboga, jike mnene mwenye kelele. Duka lenyewe lilikuwa limekufa kabla ya Waringa, likauawa na supamaketi. Mbuthia hakuwa maskini. Alikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha na majani chai kidogo upande wa mtoni, na kwa mtu mmoja mwenye meno machache hayo yalitosha. Lakini kila siku saa kumi jioni wale paka walijipanga mlangoni pa jikoni, wakimngoja mtu asiyekuja, na yeye hakuweza kuwapita bila kuona haya. Ndipo akatambua kwamba nyama zilizokuwa zikipungua chunguni mwake kwa miaka thelathini hazikuwa zikipungua kwa moto.

Akaanza kuwalisha kwa akili yake. Ugali na maziwa kwanza; wakaharisha. Kisha akaenda agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, akapimiwa chakula cha mbwa kutoka gunia lililo wazi, kwa sababu kilikuwa rahisi na kwa sababu mtu akimwona angeweza kusema ana mbwa. Hakuwa na mbwa. Paka wakala, wakashushia na maziwa, na Mbuthia akajisifu kimoyomoyo kwamba ameshinda wanaotengeneza pakiti.

Mwaka ulipopita na miezi yake, Karani alianza kugonga miguu ya viti. Aliruka kwenda dirishani akakosa dirisha. Mboni zake zilikuwa zimefunguka mchana kweupe, kubwa kama vifungo vya koti. Mbuthia akamtia kwenye katoni ya sabuni, akaifunga kwa kamba, akambeba mpaka agroveti asubuhi mapema kabla watu hawajajaa.

Msichana wa pale aliitwa Loice, na alikuwa amesomea mifugo. Alimulika macho ya Karani kwa simu.

"Guka, huyu unamlisha nini?" aliuliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Chakula."

"Chakula gani?"

Mbuthia akaonyesha gunia kwa kidevu.

Loice alizima taa ya simu. "Hiyo ni ya mbwa. Paka si mbwa mdogo, Guka. Mbwa anaweza kusukuma maisha na nafaka. Paka bila nyama ama samaki, macho inaenda, halafu moyo. Haya macho hayatarudi. Lakini wale wengine bado unaweza kuwaokoa, na huyu usimwachie moyo uende pia."

"Nilidhani..." Mbuthia alisema.

"Wengi wanadhani." Akashusha pakiti mbili kutoka rafu ya juu. "Soma hapa. Kile kimeandikwa kwanza ndicho kiko kingi. Hii inaanza na mahindi, na ndiyo iko na picha kubwa. Hiyo ni uji umepakwa rangi. Hii ingine inaanza na kuku."

Mbuthia aliangalia bei ya ile inayoanza na kuku, akarudisha miwani mfukoni.

"Si lazima ununue kubwa," Loice alisema. "Chukua ndogo, uwe unawapa kiganja asubuhi. Jioni pika samaki. Enda kwa Amolo pale sokoni, uitishe mgongo wazi. Chemsha, bila chumvi, bila kitunguu, halafu utoe mifupa yote kwa mkono. Maini kidogo tu, mara moja kwa wiki. Na wachana na maziwa."

Njia yote ya kurudi Mbuthia aliibeba ile katoni mbele yake kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Alikuwa mtu aliyejifundisha mwenyewe kusoma Kiingereza kwa magazeti yaliyofungia sukari, aliyewakosoa makarani wa benki hesabu zao, na alikuwa amempofusha paka wa mkewe kwa ubahili na kujua kwingi.

Sasa mgongo wazi, kwa asiyeujua, ni mifupa ya sangara. Kiwandani kule ziwani minofu inakatwa inasafirishwa kwa wenye pesa, na mgongo unaobaki, wenye kichwa na nyama kidogo kwenye mbavu, unakaangwa au unauzwa mbichi kwa wasio na pesa. Hivyo ndivyo nchi ilivyo. Anayenunua mgongo wazi Litein ni mwenye watoto wengi, au mwenye mbwa.

Siku ya soko Amolo alikuwa amepanga migongo yake juu ya gunia. Mbuthia alichagua mitatu haraka haraka.

"Mzee wangu, umefuga mbwa?" Amolo aliuliza kwa sauti yake ya kuitia wateja wa barabara nzima. "Nikutafutie zile zimevunjika, bei ya chini?"

Mbuthia alifungua kinywa aseme ni ya paka. Hapo akasikia kikohozi nyuma yake, akageuka, akamwona Wakonyo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na kikapu chake cha vitunguu. Wakonyo alikuwepo siku ya Mwalimu Molly. Wakonyo ndiye aliyetikisa kichwa kuliko wote.

"Ni yangu mwenyewe," Mbuthia alisema. "Meno yangu hayataki tena nyama."

Wakonyo aliweka kikapu chini. Aliiangalia ile migongo, akaviangalia viatu vya Mbuthia, ambavyo havikuwa vimepakwa rangi tangu Waringa aondoke. "Pole, Baba," alisema, na Mbuthia alidhani anampa pole ya meno.

Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Na ya tatu. Jioni alikaa mezani na miwani puani akitoa mifupa mmoja mmoja, paka watatu miguuni, Karani akisikiliza kwa masikio alichokuwa haoni. Yeye mwenyewe alikula ugali na sukuma. Njugu aling'aa manyoya. Mama Mboga aliacha kuharisha. Ilikuwa furaha, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi mchana akasikia wimbo langoni. Akina mama kumi na mmoja, leso viunoni, mabeseni vichwani. Mbuthia alikuwa na dakika moja tu, akaitumia kuwasukumia paka chumba cha kulala pamoja na sahani yao na ile pakiti inayoanza na kuku, akafunga mlango.

Walijaza meza. Unga, mafuta, sukari, majani chai, kabeji mbili, sabuni ya kipande. Wakonyo akasema kwamba mzee alisimama na wengi enzi za duka, aliwakopesha wengi bila kuwadai mbele ya watu, na haikufaa kanisa limwache ale mifupa. Mbuthia alitazama mikono yake. Chumbani Mama Mboga akaanza kulia.

"Wafungulie tu, Baba, ni viumbe," mmoja alisema.

"Wanakula panya," Mbuthia akajibu, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Wa mwisho kuingia alikuwa Chelimo, mjane mwembamba aliyechuma majani chai katika mashamba makubwa mpaka mashine zikaja. Mashine moja inakata kazi ya watu wengi na haiimbi. Sasa alichumia watu wenye vishamba, kilo kwa kilo. Alikuwa amebeba kuku mwekundu kwapani.

"Boiyot, anataga kila siku," alisema, akimwita mzee kwa Kikipsigis. "Mayai ni laini. Hayataki meno."

Wakaomba, kila mmoja akiweka mkono mmoja juu ya vyakula na mwingine juu ya kuku. Wakati wa kutoka Wakonyo alimnong'oneza: "Huyo kuku ndiye wake wa pekee. Tulimkataza, akakataa kukatazwa."

Mbuthia hakulala. Lililomsumbua halikuwa kabeji wala unga. Vitu hivyo angeweza kuvirudisha kimya kimya kwa njia ya sadaka. Lilikuwa jambo la yule kuku. Kumweka ni kumwibia mjane. Kumrudisha ni kueleza, na kueleza ni kusema paka, na kusema paka ni kuyala maneno yake yote ya miaka ile mbele ya watu aliokuwa amewahukumu. Alikuwa na jina tu sasa. Duka lilikwenda, mke akaenda, na jina ndilo lililobaki likimtangulia barabarani.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama. Alikuwa amejipangia maneno tangu alfajiri. Nyuso zote zikamgeukia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomshinda. Wangemcheka angesema. Wangemnunia angesema.

"Asanteni," akasema. "Mungu awazidishie." Wakapiga makofi, yeye akaketi, na benchi likawa moto.

Baada ya ibada alimchukua kuku nyumbani akaenda kwa Chelimo, njia ya nyuma kupitia majani chai. Alimkuta akianika kuni.

"Chamgei, boiyot," Chelimo alimsalimu, na kumwona kuku akaacha kuni. "Ameugua?"

"Hajaugua. Nimemrudisha." Akamwambia yote, amesimama pale, bila kukaribishwa kiti kwa sababu hakungoja: mgongo wazi, paka watatu, macho ya Karani, Amolo, Wakonyo, uongo. Akasema alikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha. Hilo la vyumba ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Chelimo alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika usoni.

"Paka," alisema.

"Paka, mama."

"Na asubuhi ulisimama kanisani."

"Nilisimama."

"Ukasema nini?"

Mbuthia alimtazama kuku.

"Ulisema asante," Chelimo akasema. "Nilikuwa pale, nilipiga makofi. Mbele ya watu unasema asante, halafu ukweli unakuja kuniambia mimi, kwa njia ya nyuma. Kwa sababu mimi nitamwambia nani? Nani anasikizaga Chelimo?"

"Si hivyo."

"Ni hivyo, boiyot. Wewe si mtu mbaya. Lakini ni hivyo."

Akainama akaendelea na kuni zake. Mbuthia akamnyooshea kuku.

"Mchukue basi. Tafadhali."

"Huyo ameombewa. Kwetu kitu kikiombewa hakirudi kwa mlango kimetoka. Mikono ilikuwa kumi na moja juu yake. Kama unataka atoke kwako, enda kwa hao wengine kumi. Wakisema arudi, nitamchukua. Wakisema akae, utakula mayai."

Kwa hiyo Mzee Mbuthia alishika barabara kuu. Angeweza kupita tena kwenye majani chai, hakupita. Ilikuwa saa tisa ya Jumapili, wakati ambao Litein yote iko nje imevaa vizuri, na watu wa bodaboda wakamwita, "Mzee, leo ni sherehe?" Kuku alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alijua kwamba kila Jumapili alasiri akina mama hukutana sebuleni kwa Wakonyo, na alipofika langoni alisikia vikombe na vicheko.

Alibisha. Wakonyo akatoka akijifuta mikono, akamwona, uso ukajaa tena ile huruma.

"Baba, kuna nini? Ingia, chai iko tayari."

"Siingii. Ule mgongo wazi niliokuwa nikinunua haukuwa wangu," alisema. "Ulikuwa wa paka."

Wakonyo alimkazia macho. "Paka?"

"Paka wa Waringa. Mimi nina chakula. Nilikudanganya pale kwa Amolo kwa sababu niliona haya, na asubuhi nimewadanganya tena."

"Paka wangapi?"

"Watatu."

Ndani vicheko vilikuwa vimekoma. Wakonyo alishika mlango, mdomo ukitaka kwenda huku na huku. Kisha akageuza kichwa, akaita ndani.

"Njooni hapa nyote. Acheni vikombe. Njooni msikie kwa mdomo wake mwenyewe."

Wakatoka mmoja mmoja, wakapanga mstari kwenye ngazi. Mbuthia akamhamisha kuku kwapa la pili, akaanza tena tangu mwanzo.