Madam Ameona Status

Juzi, kwenye duka la abaya Al Baraha, hapa Dubai, nilimkuta dada wa Tanga anayefanya kazi za ndani Mirdif. Alivaa abaya ya kijani, shoga yake Mganda akampiga picha, naye akaziweka kwenye status yake ya WhatsApp. Oda zikaingia kutoka Dar na Kampala. Kwa madam wake alikuwa ameaga kwamba anaumwa.

Simu ikaita. "Mungu wangu, madam! Nimesahau kumficha asione status!"

"Khalas, basi, pokea," shoga yake akamwambia. "Kazi ndiyo imekwenda hiyo."

Akapokea. "Yes madam... nimepata nafuu. Size yako ipo, madam." Akavuta pumzi. "Sorry madam, bei haipungui."

Mimi, na degree yangu ya marketing, useless kabisa, nikaomba waniunge kwenye group lao la biashara. Dada akanitazama juu mpaka chini: "Una experience, kaka?"