Nimekata bima ya uzee wangu, kaka zangu wanasema nimewavua nguo

Admin, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, maana Ibra hii ya Omani ni ndogo na sote tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tatu, nina binti mmoja wa miaka ishirini na tano, anafanya kazi Nizwa. Wazee wetu walitoka Unguja, na Kiswahili nilichonacho ni cha mama yangu. Nikikosea msinicheke.

Mama alipooza upande mmoja wakati mimi ni mwalimu wa skuli. Tulizaliwa watatu: kaka mkubwa yuko Maskati, wa pili ana duka Sur, na mimi kitindamimba. Kikao cha kuamua nani amtunze hakikufika hata finjani ya pili ya kahawa. Kaka mkubwa alisema, "Wewe ndiye mwanamke, na wewe ndiye unayekaa naye." Basi, nikaacha kazi. Miaka saba nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza ubavu asije akatoka vidonda. Mgongo wangu mpaka leo haunyooki vizuri. Kaka zangu wakija Idi kwa Idi na maboksi ya matunda, wakimbusu mama kichwani, wakipiga picha. Nilipoomba tuweke mhudumu wa kulipwa, angalau asubuhi tu, kaka mkubwa aliruka. "Eib, aibu hiyo! Watu watasema tumemtupa mama kwa wageni."

Mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Siku ya tatu ya matanga, tumebaki wenyewe ndani, kaka mkubwa akanishukuru mbele ya wote. Kisha akamgeukia binti yangu, akacheka. "Na wewe jitayarishe. Zamu ya mama yako ikifika, ni wewe." Wote wakacheka. Binti yangu naye alicheka, lakini mimi nilimtazama mikono: anakunja ncha ya mtandio, anakunjua, anakunja tena. Hata miezi minne alikuwa hajatimiza kazini. Hapo hapo nikasema moyoni, wallahi haiwi.

Nikenda Nizwa kwenye ofisi moja ya bima. Walikuwa na bima ya matunzo: ukifika mahali huwezi kuoga, kuvaa wala kula mwenyewe, wao ndio wanaomlipa mtu wa kukuhudumia. Kijana wa pale, ambaye bibi yake naye ni wa Unguja, alinionesha ile kubwa, ya maisha yote, inayoanza kulipa tangu siku ya kwanza. Bei yake ilinitoa jasho. Mwengine angeinuka akarudi kwake. Mimi nikasogeza kiti.

Nikamwuliza, miezi mitatu ya mwanzo ya maradhi nikijilipia mwenyewe, je? Bei ikashuka. Mkinilipia mhudumu miaka minane badala ya maisha yote? Ikashuka tena. Nikilipa mwaka mzima kwa mkupuo badala ya mwezi kwa mwezi? Ikashuka kidogo. Mwenyewe akaniambia nikingoja mpaka sitini itakuwa ghali zaidi, na maradhi yakinitangulia huenda wasinipokee kabisa. Nilitoka na bei karibu na nusu ya ile ya mwanzo, pensheni ya marehemu mume wangu inaiweza.

Kijana akaweka kalamu chini. "Khalti," akaniita, kama mtu amwitavyo mama yake mdogo, "ulikuwa ukifanya kazi ya bima?"

"La. Nilikuwa nikiuguza."

Maana nilijua. Miezi mitatu ya mwanzo jamaa wanakuja wenyewe, na vyungu vya supu. Baadaye ndipo unapobaki peke yako.

Kosa langu nilimwambia wifi yangu. Ijumaa ya wiki ile ile kaka zangu wote wawili wakaja Ibra. Kaka mkubwa hata kahawa hakuigusa. "Umetuvua nguo. Una mtoto, una kaka wawili, halafu unamlipa mgeni akuoshe?" Akasema niivunje, la sivyo nyumba hii ya urithi ninayokaa itauzwa. Alidhani nitalia. Nikamwambia, "Iuzeni. Nipeni hisa yangu, nitapanga vyumba viwili. Lakini bima sivunji." Kaka wa Sur aliinamisha kichwa. Tangu utotoni hajanisikia nikimjibu mkubwa. Wiki iliyofuata dalali akaja kupima nyumba, na mimi mwenyewe nikamfungulia mlango.

Hayo sijali. Linaloniuma ni binti yangu. Alikuja, akasimama hapo sebuleni, machozi yanamtoka. "Mama, umeniona mimi siwezi kukutunza?"

"Nimekuona unaweza. Hata mimi niliweza."

"Mjomba anasema anayemtunza mama hupata pepo, na wewe umeninyang'anya yangu."

Akachukua mkoba wake, akarudi Nizwa. Tangu siku hiyo nikimpigia hapokei, nikimwandikia ananijibu neno moja: "Salama."

Sasa nakuambieni jambo ambalo hakuna kiumbe anayelijua. Mwaka wa sita wa maradhi, mchana mmoja, mama alitema uji mara ya tatu. Niliingia jikoni, nikafungua mfereji asinisikie, nikamwomba Mungu amchukue. Mama yangu niliyempenda! Akaishi mwaka mzima mwengine, na kila siku nilimwosha huku naikumbuka dua ile. Sitaki mwanangu asimame pale niliposimama mimi, akimwomba Mungu aniondoe. Pepo ataipata kwa mlango mwengine. Ipo milango mingi.

Kwa hiyo sikuja kuuliza kama nivunje. Sivunji, na mwenye kunisema na aseme mpaka achoke. Ninalotaka kwenu ni moja tu. Je, nimweleze binti yangu dua ile, ajue namkinga na nini? Au atanichukia kwa ajili ya bibi yake? Alkhamisi anakuja kuchukua vitu vyake kabla nyumba haijauzwa. Nipeni la kumwambia, jamani, kabla hajabisha hodi.