Vioo Vilivyobebwa kwa Mbeleko

Nyumba niliyoolewa, kule Vudee, ilikuwa na mlango mmoja na haikuwa na dirisha hata moja. Ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa nyasi, na moto ulikuwa hauzimwi kwa sababu ya baridi ya milimani. Moshi ulijitafutia njia wenyewe. Ukiingia kutoka juani ulisimama kwanza pale mlangoni ungoje macho yazoee, ndipo uone pa kukaa. Mama mkwe wangu hakuhitaji kungoja. Alikuwa mjane, ameishi humo tangu alipoolewa yeye mwenyewe, na mkono wake ulijua kila chungu kilipo. Mimi nilikuwa najigonga tu. Miezi ile ya kwanza nilimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura.

"Hapo pembeni kuna kinu, mwanangu. Inua mguu."

Kabla ya kunioa, mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Siku moja walimtuma kupaka chokaa nyumba ya Mzungu msimamizi. Wenzake walirudi wakisimulia viti na vitanda. Yeye yalimkaa moyoni madirisha. Mara nyingi aliniambia, tukiwa tumekaa na macho yetu mekundu kwa moshi, "Mvua inanyesha, na wewe umekaa ndani, unaiona, na haikulowanishi."

Mwaka ule kahawa ilikubali. Mume wangu akatangaza kwamba atajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na chumba cha mbele kitakuwa na dirisha la kioo. Wakati ule wa Mwingereza, kwetu, vioo vilikuwa kanisani na kwa mchungaji. Mkulima akiwa na dirisha, basi lilikuwa la ubao, na likifungwa giza linarudi palepale.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Dirisha la nini? Ukitaka kuona nje, toka nje."

"Ni kwa ajili ya mwanga, mama."

"Na baridi itaingia na huo mwanga. Na macho ya watu pia. Nikila, wapita njia wanione nikila?"

Mume wangu hakubishana na mama yake. Alichukua jembe akaenda kuchimba udongo.

Lilipigwa baragumu la msaragambo, mwito wa kazi ya pamoja, majirani wakaja kama ilivyo desturi yetu, wanaume wakikanyaga udongo, wanawake tukiteka maji. Mama mkwe naye alibeba maji. Alisema anawabebea majirani, habebei dirisha. Matofali yalipokauka yakapangwa kuwa tanuri, moto ukawashwa, na mume wangu akawa hawezi kuondoka pale. Ukiacha moto upoe katikati, matofali yote ni kazi bure.

Ndipo zikaja habari kwamba duka moja kule mjini Same limepokea vioo kwa treni, na watu wananunua. Vikiisha, hakuna ajuaye vingine vitakuja lini. Mume wangu akanitazama, uso wake umejaa majivu.

"Itabidi uende wewe," akasema. Akanipa kamba aliyoifunga mafundo, fundo moja la urefu na jingine la upana wa kila kioo.

Nilikuwa sijawahi kufika Same. Kabla sijajibu, mama mkwe alikuwa amekwisha simama.

"Huyu hajui hata njia. Nitakwenda naye. Dirisha lenu silitaki, lakini mke wa mwanangu hataingia Same peke yake."

Tuliteremka alfajiri, ukungu bado umelala kwenye migomba. Huko chini kwenye migunga joto likatupokea. Jioni tukafika kwa ndugu ya mama mkwe aliyeolewa tambarare, tukalala, na kesho yake tukaingia Same. Mama mkwe alinishika mkono tulipopita karibu na stesheni, nikadhani ananilinda. Treni ilipopiga honi akarukia nyuma yangu. Tukashikana vizuri zaidi, tukaendelea.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee mpole. Alilaza kioo kikubwa juu ya blanketi, akapima kwa kamba yetu, akapitisha kikatio chake. Kikalia kama panzi, kioo kikakatika sawasawa. Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa akiangalia chumvi na sabuni, akasogea. Aliweka kidole juu ya kioo.

"Kina baridi kama maji ya kijito," akasema.

Mwenye duka akakiinua kimoja, akakisimamisha kati yetu. Mama mkwe akanitazama kupitia humo. Akakisogelea mpaka pua ikakigusa.

"Nakuona," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri.

Tulinunua vioo vinne, chumvi, kipande cha sabuni na mafuta ya taa. Mwenye duka alivifunga vioo kwa magazeti na gunia, kisha akauliza tutavibebaje, maana kichwani, akasema, kuna upepo na kuna kujikwaa. Mama mkwe alifungua furushi lake, akatoa mbeleko ya zamani, ileile aliyombebea mume wangu. Kumbe alitoka nayo nyumbani makusudi.

"Nipandishie mgongoni," akasema.

Nilimwomba anipe mimi niliye kijana. Akakataa. "Wewe bado hujabeba. Mgongo wako haujui kutulia."

Basi tukalala tena kwa ndugu yake, na alfajiri tukapanda milima, mama mkwe ameinama kidogo mbele, mkono mmoja nyuma ukiushikilia mzigo. Watu tuliokutana nao njiani walicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteremka na mkungu wa ndizi alisimama kabisa.

"Shikamoo mama. Mtoto huyo wa nani, katika umri huo?"

"Marahaba. Ni mjukuu. Ana kona nne."

Tulikaribia nyumbani tukiwa tumecheka hivyo njia nzima. Kwenye kijito cha mwisho, jiwe likateleza chini ya mguu wake. Nilimwona akianza kwenda chali. Mtu yeyote angekwenda chali. Yeye alijigeuza hewani, sijui kwa nguvu gani, akaangukia magoti na viganja, kwenye mawe, na mgongo ukabaki juu.

Nilipiga yowe. Viganja vilikuwa vimechanika, damu inaingia majini. Nilianza kulia, nikivuta kanga yangu nimfunge.

"Mikono itapona," akasema kwa ukali. "Fungua kwanza, uangalie."

Kioo kimoja kilikuwa na ufa pembeni. Vingine vitatu vizima. Nilipomwambia, akafumba macho akamshukuru Mungu kwa Kipare, polepole, kama yuko kanisani. Ndipo akanipa mikono yake.

Mume wangu, matofali yakiwa yamekwisha iva, alitukuta njiani. Alipoona vitambaa vyenye damu, vioo akavisahau. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, ningejua haya, ningeacha."

"Sasa uache, na mimi nimekwisha umia? Nyanyuka. Weka dirisha lako, nikione kilichoniangusha."

Nyumba ilikamilika kabla ya mvua za vuli. Paa lilikuwa bado la nyasi, lakini kuta zilisimama nyekundu, na dirisha likawekwa upande wa mawio, kile kioo chenye ufa kikiwa chini pembeni. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nakoroga uji jua likaingia. Niligeuka kumpa mama mkwe kikombe chake, nikamwona. Nasema nilimwona. Macho yake hayakuwa meusi kama nilivyodhani, yalikuwa na rangi ya asali. Chini ya kidevu alikuwa na kovu dogo. Naye alikuwa akinitazama vivyo hivyo, kikombe kimesimama hewani.

"Kumbe wewe ni mzuri hivi," akasema. "Nimekaa na wewe mwaka mzima."

Nilirudi kwenye sufuria.

Mwanga ule ulituletea kazi. Tuliona masizi kwenye vyungu, utando wa buibui, na jinsi mikeka yetu ilivyochakaa. Tukasugua siku nzima, na baadaye tukanunua vikombe vipya, kwa sababu vile vya zamani vilitutia aibu. Mume wangu alisema dirisha lina njaa kuliko ng'ombe. Lakini majirani nao walianza kuja. Aliyechomwa mwiba alikaa pale tuutoe. Wanawake walileta magauni yao ya Krismasi kushona, tukajaa chumba kizima siku za mvua, tunaiona ikinyesha. Wapita njia wakichungulia, mama mkwe alikuwa anawapungia mkono wenye makovu na kuwaita waingie wale pamoja nasi.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika chumba hicho, mchana. Mama mkwe ndiye aliyempokea, akampeleka kwenye mwanga, akamkagua masikio, vidole, nyayo, bila haraka. "Mzima," akaniambia. "Nimemwona mwili wote." Watoto wake mwenyewe, aliniambia baadaye, aliwahesabu vidole kwa kupapasa.

Hakusema hata siku moja kwamba alikosea kuhusu dirisha, na sisi hatukumuuliza. Mwaka uliofuata jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alichoma matofali. Mkewe akaja asubuhi, akasimama mlangoni kwa haya, akasema anahitaji mtu wa kwenda naye Same. Mama mkwe alilalamikia magoti, akalalamikia joto la tambarare na kelele za treni. Huku analalamika, nilimwona akiosha miguu, mbeleko iko tayari begani.