Kikuba Bila Asumini

Mimi nina mdomo, sikatai. Yeyote anayepita mbele ya duka langu la vitambaa pale Ngara mjini anajua. Lakini siku ile ya posa ya binti yangu, nilipoapa mbele ya wanawake wote waliojaa ukumbini, sikuwa napayuka tu. Nilisema, "Plastiki haitakaa kichwani mwa mwanangu. Ng'o! Siku ya harusi atavaa maua mabichi, na yatatoka uani kwangu."

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango. Akavuta ushungi wake, akasema, "Haya. Na atayatunga nani?"

Kila mmoja mle ndani alijua kwa nini anauliza hivyo.

Bibi yangu alikuja huku kutoka pwani akiwa bibi harusi wa mfanyabiashara. Katika vyombo vyake alileta kitawi cha asumini, kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Ngara ni mlimani, baridi ya asubuhi inauma masikio, na asumini si mti wa baridi. Bibi aliulea kama unavyolea mtoto asiye na afya, ukashika, na mama akaurithi. Kwa asumini ile mama aliwatungia vikuba mabibi harusi wa mji huu kwa miaka na miaka. Kikuba ni kishada cha maua mabichi na mrehani, anabandikwa bibi harusi kwenye nywele au kifuani, harufu itangulie kabla yeye hajaingia. Pwani wanatunga kwa ukindu. Huku ukindu hatuna, tuna migomba, basi bibi alijifunza kutunga kwa ukamba wa mgomba, na mama akajifunza kwake. Waislamu walikuja, Wakristo walikuja, hata wakulima wa huko vijijini ambao kikuba kwao si desturi. Mtu akishakinusa kwa mwenzake, naye anakitaka.

Kisha kikaja kiangazi kimoja kirefu. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kupanda nayo mlima, sembuse ya kumwagilia ua. Asumini ikakauka mpaka mzizi. Mama hakulia. Alizikunja kamba zake za mgomba, akaziweka kwenye kikapu, akasema, "Nimemaliza kutunga." Tangu hapo mabibi harusi wa mji wakavaa maua ya plastiki kutoka Mwanza, yale yananuka kiatu kipya. Na mama akawa mtu wa kukaa jamvini, anahesabu tasbihi, anauliza saa ngapi. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa binti yangu nilitaka maua, ndiyo, lakini kwa mama yangu nilitaka mikono yake irudi kazini.

Nilikuwa nimeapa, na ukweli ni kwamba uani kwangu siku hiyo palikuwa na mchicha, kuku, na kamba ya kuanikia nguo. Bahati yangu, harusi ilipangwa ingoje mpaka binti amalize chuo cha ualimu. Nilikuwa na muda wa kuitafuta heshima yangu.

Niliipata kwa masista. Nje kidogo ya mji wapo masista wa misheni, wateja wangu wa mapazia. Nilipowapelekea mzigo nikapita kando ya tuta la maua nisiyoyajua: vichwa vimebanana, kila kichwa maua madogo madogo, mekundu, meupe, ya waridi, ncha zimekatwa meno meno kama kitambaa kilichopitishwa mkasi wa fundi cherehani. Nikainama. Karafuu! Wallahi nilinusa karafuu, laini, ya mbali, lakini ni yenyewe.

"Yanaitwaje haya, sista?"

"Switi wiliamu," akasema, akanifungia mbegu kwenye karatasi.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Mama akaifungua ile karatasi, akazipapasa mbegu kwa kidole. Macho yake siku hizi yana ukungu, vidole ndivyo vinavyoona. "Ndiyo ua hili? Wiliamu? Ua gani hilo lina jina la mwanamume?"

"Linanukia karafuu, mama."

"Karafuu ni ya pilau."

"Na msio wa kusugulia mwili unaowapaka mabibi harusi, hauna karafuu?"

Hapo aliikunja karatasi akanirudishia. Mama akiacha kubisha ujue umemshinda kwa muda tu.

Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama za kitunguu. Nilizisia kwenye beseni kuukuu lililotoboka, miche ikachipua, nikaihamishia kwenye matuta mawili niliyochimba mwenyewe, moja mbele karibu na kamba ya nguo, moja nyuma karibu na jiko. Jirani yangu, mkulima ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi na kulowea hapa, alinipa samadi ya mbuzi. Maji yalikuwa yale ya kuoshea mchele na mboga. Kuku nikawajengea banda, wakanichukia mpaka leo.

Majani yakaota. Yakaendelea kuwa majani. Mvua ikaisha, kiangazi kikaja na baridi yake, mvua ikarudi, majani! Jirani alikuja akayaangalia kwa adabu, akauliza, "Mama, haya yanaliwa?" Nikamwambia hayaliwi. Akasikitika kweli, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia msiba. Mama naye kutoka jamvini: "Mpikie tu. Umepanda mchicha wa Wiliamu."

Nilipandwa na hasira nikaenda kwa sista na jani mkononi. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Duka, ua hili mwaka wa kwanza linajenga nyumba. Mwaka wa pili ndipo linafungua mlango." Sasa si angesema mapema? Nilirudi nikang'oa magugu kwa ghadhabu, lakini nikang'oa yote. Ndivyo nilivyo: nikikasirika, kazi inakwenda vizuri.

Mwaka wa pili yakafunguka. Nikwambieni nini! Watu wa sokoni walikuwa wanapitia uani kwangu kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Madereva wa bodaboda walisimama nje wakinyoosha shingo juu ya ua wa miti. Jirani alishika mashavu, akasema kwa lugha ya kwao, "Imana ishimwe," Mungu asifiwe, akasahau kuuliza kama yanaliwa. Mimi nilitembea katikati ya matuta yangu mikono kiunoni kama mkuu wa wilaya.

Nikachuma kichwa kimoja asubuhi mapema, ukungu bado uko juu ya paa, nikampelekea mama. Akanusa. Akanusa tena. Akanirudishia. "Halinuki kitu. Ua lisilonuka ni karatasi."

Nilinusa mwenyewe. Kweli, harufu haikuwepo. Niliumia, nakiri. Jioni nikamwuliza waziwazi, "Mama, utamtungia mjukuu wako au hutamtungia?" Akajibu, "Mimi nilimaliza." Nikasema basi nitatunga mwenyewe. Akasema, "Tunga." Hakuna neno linalouma kama ruhusa ya mama yangu.

Siku zile lakini alianza kuhama. Jamvi lake likatoka mlangoni likaenda uani, karibu na tuta la nyuma. Alisema magoti yake yanataka jua. Nikamwambia sawa, jua ni dawa, nikaenda zangu dukani.

Harusi ikafika. Binti alikuja na basi kutoka Biharamulo, alikokuwa ameshaanza kufundisha, huko Nemba, na mchumba wake ni wa huko huko. "Shikamoo bibi," akamwambia mama. "Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuvaa mchicha?" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi.

Ndoa ilikuwa ifungwe siku ya pili baada ya alasiri. Nikafanya kama nilivyoona ikifanywa tangu utoto wangu: jana yake jioni nikachuma vitumba vilivyofumba, tuta lote la mbele, nikavikunja kwenye kitambaa chenye maji. Asumini huchumwa hivyo. Unaichuma imefumba, inafunguka yenyewe kitambaani, asubuhi chumba kizima kinanukia. Nilikwenda kulala nimeridhika.

Alfajiri nikafungua kitambaa. Vimefumba. Vimefumba kama meno ya mtu anayekataa dawa, vya kijani, havina hata rangi. Nikavipulizia, nikavipapasa, nikajaribu kufungua kimoja kwa kucha kikachanika. Tuta zima! Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na mtu mzima mimi nikaanza kulia, nikiona tayari plastiki kwenye nywele za mwanangu na ulimi wangu mwenyewe wa siku ya posa ukinirudia.

Mama akatokea mlangoni na fimbo yake. Akapapasa kitambaa. Akaelewa, na akawaka.

"We mtoto! Nani amekwambia ua hili ni asumini? Hili halichumwi limefumba! Hili linachumwa limeshafunguka, na si asubuhi, asubuhi limelala. Ngoja jua lilipige vizuri, adhuhuri, ndipo linatoa karafuu yake. Na ushike chini, kwenye kikonyo, lina shingo ngumu hili, halidondoki kama asumini!"

Nikamtazama. Machozi yalikatika yenyewe. "Mama, umejuaje kwamba adhuhuri ndipo linanuka?"

Akageuza uso kuelekea ukutani. Magoti yanataka jua, kumbe! Mama yangu alikuwa amekaa pale tutani kila mchana, anamsoma Wiliamu kwa pua na vidole, huku mimi niko dukani nauza mapazia.

"Nenda kaniletee kikapu changu," akasema.

Adhuhuri nilichuma tuta la nyuma. Jua lilikuwa limepiga barabara, na nilipoyamimina maua kwenye sinia mbele yake, karafuu ilipanda ikashindana na pilau iliyokuwa jikoni. Alilowesha kamba za mgomba, kuukuu zile, akazichana nyembamba kwa ukucha wa gumba. Mwanzo mikono ilikwenda polepole, inatafuta njia. Ua la tatu, la nne, ikashika kasi. Jekundu, jeupe, jani la mrehani, fundo. Hakuangalia hata mara moja, na hakukosea hata mara moja. Binti yangu alipiga magoti mbele yake, na mama akamfungia kikuba kwenye nywele kwa mikono ile ile iliyonifungia mimi siku yangu. Mwanangu alikuwa mzuri mpaka nikasema mashaallah kwa sauti, kijicho kisije.

Sasa, mama yangu hajawahi kunisifu mbele ya watu. Ana msemo wake: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimekua nao, nimezeeka nao. Lakini baada ya ndoa, wageni wa Biharamulo wakiwa wanakula, mwanamke mmoja mzee wa upande wa bwana harusi aliinuka akamsogelea binti yangu, akanusa kichwa chake, kisha akamgeukia mama. "Bibi, maua haya ya ajabu mmeyaagiza wapi?"

Nilikuwa nyuma yao na sinia ya pilau. Nilisimama.

"Hayakuagizwa," mama akasema. Alisema kwa nguvu, mji mzima usikie. "Ni maua ya mwanangu. Kayapanda kwa mkono wake, kayangoja mwaka mzima watu wakimcheka, na mimi nikiwamo. Hakuna mwingine mji huu angeweza."

Niliweka sinia kwa mgeni wa karibu, nikaenda jikoni kulia. Jirani alipouliza nikamwambia ni moshi. Akasema, "Moshi mzuri huo," akanipa ncha ya kitenge chake nijifutie.

Kesho yake nilitoka na ndoo ya maji nikamkuta mama ameshanitangulia kwenye tuta la nyuma, kikapu cha kamba ubavuni. Anapapasa vichwa vilivyobaki, anachagua vya kuachia mbegu.

"Watakuja kuomba mbegu," akasema bila kugeuka. "Usimpe mtu hovyo. Anayetaka, aje kwangu kwanza nimfundishe kuchuma."

Nikamwambia ndiyo, mama, nikaanza kumwagilia.