Waliokuja Kuuliza Habari za Mtoto Mmoja

Binti yangu alichanjwa akiwa na miezi miwili, kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, Ruashi. Kesho yake alilegea kabisa, midomo imemkauka. Nilimkimbiza kituoni, nikamtukana muuguzi mbele ya watu wote, maana mimi si mtu wa kumeza neno. Walimwekea mtoto maji ya mshipani, akapata nafuu. Muuguzi alijaza fomu tu.

Nilidhani karatasi ile itaozea kwenye droo. Siku ya tatu daktari mmoja wa kike alifika nyumbani akiwa na namba ya kichupa alichochanjiwa mwanangu. Alikuwa ameshawatembelea watoto wote waliochanjwa kwacho, na vichupa vyote vya namba ile vilikuwa vimewekwa kando mpaka ijulikane kulikoni. Yote haya kwa mtoto mmoja wa Ruashi!

"Mama, mbele ya kulegea, mulimupatia mutoto kintu kingine? Dawa? Lavema?"

"Hapana, docta."

Nilidanganya. Mama mkwe wangu, aliyekaa pale pale, ndiye aliyempiga lavema ya maji ya tangawizi, kwa kupitia nyuma, mara mbili, ili kuteremsha homa ya chanjo. Kwetu kila bibi hufanya hivyo. Mtoto aliharisha mpaka akaishiwa maji.

Daktari aliandika "hapana." Nikawaza vile vichupa, na watoto wa majirani wanaovingoja kwa sababu ya neno langu moja. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

"Docta, nilikudanganya. Tulimupiga lavema. Miye njo nilimushikaka miguu."

Hakunigombeza. Aliuliza tangawizi kiasi gani, saa ngapi, akaandika kila kitu. Alisema watu wanaoamua kama chanjo iendelee au isimamishwe watayasoma maneno yangu. Maneno yangu mimi! Wiki kadhaa baadaye jibu lilirudi kwamba chanjo haikuwa na kasoro, na vichupa vikarudishwa kazini.

Lakini siku ile, daktari alipoondoka, nilimgeukia mama mkwe nikiwa tayari kwa ugomvi.

"Batoto munane nilibalea vile," alisema kabla sijafungua mdomo. Kisha akainamisha kichwa. "Nilizalaka kumi na moya. Hakuna muntu alikuyaka kuniuliza juu ya bale batatu."