Salamu Iliyouliza Kama Nimelala

Wanyakyusa wakikutana hawaulizani habari. Wanasema "ugonile," nawe unajibu "ndaga," yaani asante, au unairudisha vilevile, halafu mnaendelea na yenu. Mbeya nzima inaijua hiyo. Nenda soko la Mwanjelwa kununua ndizi, utasalimiwa hivyo na mama ambaye dakika hiyohiyo anakupandishia bei. Mimi niliolewa hapahapa Mbeya, Ilomba, nikitokea Kalenga, Iringa, na tangu niolewe nilikuwa naijibu hiyo salamu bila kuifikiria.

Ila mimi ni Mhehe, na kwetu kulala ni kugona. Kwa hiyo salamu ya wakwe zangu nikiipasua, ndani yake nakuta swali: umelala? Siku za kawaida nani ana muda wa kupasua salamu? Lakini mpe mwanamke mtoto mchanga asiyetulia, mpe na mshono tumboni na chuchu zilizochanika, halafu kila asubuhi msimamie mlangoni umuulize kama amelala. Utaona.

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza kwelikweli. Mimba yote nilijua mama yangu ndiye atakayenilea uzazi, maana huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza na sikuwa najua chochote. Hakuweza kuja. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na zile bustani zake za bondeni zilitaka maji kila siku. Akaniambia kwenye simu, "Jikaze mwanangu, tukimaliza kuvuna nakuja." Nikamwambia sawa mama, nikakata simu, nikalia mpaka baba mtoto akatoka nje akajifanya anatafuta kitu.

Akaja mama mkwe badala yake. Alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, ndoo ndogo ya maziwa ya mgando na vitenge viwili vya kumbebea mjukuu. Ni mwanamke mfupi, mpana, hana maneno mengi, na Kiswahili chake anakichanganya na Kinyakyusa mpaka unasikiliza kwa kukisia. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa naye labda mara tatu, zote kwenye misiba. Sasa alikuwa ananikanda mgongo kwa maji ya moto nikiwa sina nguo, na sote wawili tunaangalia ukutani.

Kuhusu kunyonyesha nilikuwa nimeambiwa kwamba ni kitu kinachokuja chenyewe. Aliyesema hivyo simjui, lakini nikikutana naye tutaelewana vizuri tu. Mtoto wangu alikuwa akishika titi anavuta mara tatu, nne, analala. Namweka kitandani, anapiga kelele. Namrudisha kwenye titi, anavuta, analala. Kila akibana chuchu nilikuwa nakunja vidole vya miguu kwa maumivu. Ikafika mahali nikimwona anageuza kichwa kutafuta, moyo unanilipuka. Nilikuwa nampenda na nilikuwa namwogopa, vyote pamoja, na cha pili sikuthubutu kumwambia mtu.

Na wageni nao! Mtu anaingia na kilo yake ya sukari, hajakaa vizuri, anaangalia kifua changu. "Maziwa yanatoka?" Mwingine anamfunua mtoto, anamwangalia miguu, ananyamaza. Kule kunyamaza kulinikata maini kuliko angesema. Maana hata mimi nilikuwa naiona hiyo miguu. Ngozi ya mapajani ilikuwa inajikunja kama soksi iliyolegea. Kila nikimwogesha nilijiambia watoto wachanga ndivyo walivyo, na nilijua najidanganya.

Asubuhi, sasa. Baba mtoto anatoka mapema kwenda kwenye duka lake la spea. Nyumba inatulia. Mimi nimekaa kitandani, mtoto ndiyo kwanza amefumba macho, na mimi nahisi kichwa kinaanza kunielemea. Pazia linafunguliwa. Mama mkwe, kikombe cha chai mkononi, ukungu wa nje umemfuata mpaka mlangoni.

"Ugonile."

Siku za mwanzo nilijibu "ndaga." Baadaye nikawa najibu kwa kichwa. Baadaye nikawa nalisubiri lile neno kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, na nikawa nasikia ndani yake kitu ambacho hakikuwemo. Umelala eeh? Umelala wewe, mtoto anakonda? Akili ya mtu asiyelala ni fundi wa kushona maneno.

Siku ya kliniki ndiyo nikalipuka. Tulitakiwa kwenda kumpima mtoto uzito, na mimi tangu alfajiri nilikuwa naiogopa ile mizani. Pazia likafunguliwa.

"Ugonile."

"Sijalala!" Nilipaza sauti hadi mtoto akashtuka. "Sijalala mama, sijalala! Jana sikulala, juzi sikulala, kila siku unaniuliza na kila siku sijalala! Unataka nikuambie nini?"

Ndiyo, nilimpigia kelele mama mkwe. Kwa Mnyakyusa hilo si jambo dogo, na kwetu pia si dogo. Wanasema sisi Wahehe tuna hasira za karibu, basi yangu siku hiyo ilikuwa mlangoni kabisa. Yeye alinitazama tu. Akaweka kikombe juu ya kiti, akarudisha pazia taratibu, akaondoka. Tulikwenda kliniki, yeye mbele na mfuko wa nepi, mimi nyuma na mtoto kifuani, nikimwangalia kisigino chake njia nzima.

Nesi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akautazama mshale, akamshusha, akampandisha tena. Mtu akirudia kupima hivyo, ujue.

"Mama, huyu hajarudia hata uzito aliozaliwa nao," akasema. "Kwa umri huu alitakiwa awe ameupita."

Masikio yakaziba. Nilimsikia kwa mbali akiuliza mtoto anakojoa mara ngapi, kinyesi kikoje, ananyonya kila baada ya muda gani. Nilijibu nilivyoweza. Halafu akauliza, kwa upole tu, "Na wewe mama, unalala?"

Machozi yalitoka yenyewe, mbele ya wanawake wote kwenye benchi.

Aliyejibu ni mama mkwe. "Halali huyu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilichowahi kumsikia akisema. "Ameniambia mwenyewe asubuhi. Halali."

Nesi akatuingiza chumba cha ndani, akaniambia ninyonyeshe aone. Nikanyonyesha. Hakuchukua muda kuona. "Anashika ncha tu," akasema. "Ndiyo maana wewe unaumia na yeye hashibi. Akichoka kuvuta kitu kisichokuja, analala." Akanionyesha: nimsubiri afungue mdomo mpaka mwisho, nimlete kwenye titi haraka, kidevu kitangulie, na ule weusi wa titi uingie mdomoni, isiwe chuchu peke yake. Tulikosea. Tukarudia. Tukakosea. Mara ya nne au ya tano nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu azaliwe, kidogo sana, ku, kisha ku. Alikuwa anameza. Mama mkwe aliinama akaweka sikio karibu kabisa na kifua changu, bila aibu yoyote, akasikiliza.

"Eeh," akasema. "Sasa anakunywa."

Nesi hakutuacha tushangilie. Nimwamshe hata kama amelala, asipitishe muda mrefu. Kila baada ya kunyonya nikamue yaliyobaki, nimpe kwa kikombe. Asipewe maji wala kitu kingine. Turudi Jumatano ijayo. "Akiwa hajaongezeka, nitawaandikia aende hospitali akalazwe. Tusicheze na huyu."

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja. Jioni mama yangu alipiga simu, "Kamwene, mwanangu," salamu yetu ya Kihehe, nikamweleza yote. Akasema potelea mbali bustani, kesho anapanda basi. Nikajisikia namwambia, "Subiri kwanza mama. Tuone Jumatano." Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo, wakati ndicho kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote.

Kesho yake asubuhi pazia likafunguliwa, chai ikaingia, na mama mkwe hakunisalimia.

Nilisubiri. Aliweka kikombe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniangalia ninavyomweka mtoto kwenye titi, akamsukuma kidogo mgongoni kwa kiganja mpaka kidevu kikakaa sawa. Mtoto alipoachia, akamchukua, akamfunga mgongoni, akasema neno moja tu: "Lala." Akatoka.

Siku iliyofuata, vilevile. Nikajua nimesusiwa. Nikasema haya, stahili yangu, kelele nimepiga mwenyewe. Lakini jamani, iliniuma. Salamu niliyokuwa naichukia sasa nikawa naivizia kila pazia likifunguliwa, labda leo ataisema. Haikuja. Kumbe kuna kitu kibaya kuliko kuulizwa kila siku kama umelala.

Na huku hajasema neno, huyo mwanamke alinibeba. Akichemsha kikombe na kijiko, anavifunika kwa kitambaa safi. Akiniletea ndizi na maharage, anasimama mpaka nione sahani iko tupu. Nikikamua maziwa nikapata kidogo nikataka kulia, anachukua kikombe kama nimempa ndoo, anampa mjukuu tonetone, anamwimbia kwa pua. Wageni aliwazuia uani. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Maziwa yanatoka, usiulize. Sukari leta." Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mshono ukauma. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niende leba.

Kulala kwenyewe, hata hivyo, sikuweza. Nilijilaza, nikafumba macho, na nilichokuwa nakiona ni mshale wa mizani. Mwili ulikuwa umelala kuanzia shingo kushuka, kichwa kiko macho. Nilikuwa nahesabu wanawake wote niliowajua walionyonyesha bila shida, na walikuwa wengi, wakiwemo wengine niliokuwa nawaona wajinga.

Jumatano tulifika kliniki mapema, baridi inauma, mama mkwe amemfunika mtoto vitenge vyote viwili. Nesi akamning'iniza. Mimi niligeuka nikaangalia dirishani. Sikuwa na ujasiri, nasema ukweli. Kulikuwa na mama anafunga mtoto wake mgongoni, nikamwangalia huyo.

Nyuma yangu nikasikia kigelegele.

Mama mkwe wangu, mwanamke asiye na maneno, alikuwa anapiga kigelegele katikati ya kliniki, wanawake wa benchi wanacheka, na nesi anamwambia, "Bibi, bibi, utamshtua!" Nikageuka. Mshale ulikuwa umeupita uzito wa kuzaliwa, siyo sana, ila umeupita. Mwanangu alikuwa ananing'inia pale akipiga teke hewani, kakasirika na baridi, na mapaja yake, naapa, yalikuwa na mkunjo mmoja mpya ulionona.

"Endelea hivyohivyo, mama," nesi akasema. "Mtoto wako anakula."

Anakula. Nilirudi nyumbani nalirudia hilo neno njia nzima. Nikamnyonyesha, nikasikia ile ku, ku, ku, nyingi mfululizo, akaachia mwenyewe na kidevu kimelowa. Mama mkwe akamchukua. Nakumbuka nilifikiria kuvua viatu.

Nilipofungua macho, chumba kilikuwa cha rangi nyingine. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, ule linaoufikia jioni tu. Nilikurupuka. Mtoto hayupo! Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, gauni limelowa mbele. Nikatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, nimeshika mshono.

Walikuwa uani, juani. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, mtoto kalala mgongoni kwake, mdomo wazi. Pembeni kikombe cha kunyonyeshea kiko tupu. Alikuwa amempa yale niliyokamua asubuhi.

Alininyanyulia macho. Akaangalia nywele zangu, alama ya mkunjo wa shuka shavuni, kiatu kimoja. Akaacha maharage.

"Ugonile," akasema.

Nikasimama pale.

"Nilijua umenisusia," nikasema.

"Nikususie wewe?" Alishangaa kweli. "Mwanangu, uliniambia hulali. Sasa nikuulize kila asubuhi kitu ambacho jibu lake nalijua, na kinakuumiza? Nikasema ngoja. Akilala, nitauliza." Akajisogeza kwenye kigoda ili nimwone vizuri usoni, akaniuliza upya, taratibu, kama swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu. "Ugonile?"

Nilijua jibu. Mbeya nzima inajua jibu. Lakini ndaga haikutosha, na Kinyakyusa sina, na Kihehe yeye hana, basi nikachanganya nilivyoweza.

"Nimegona, mama," nikasema. "Nimegona sana."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mtoto akaamka kwa kutikisika, akaanza kutafuta titi kwenye mgongo wa bibi yake, nami nikanyoosha mikono nikamchukua, bila kuogopa.