Divai ya Ndizi Nyumbani Kwetu Gikondo

Baba yangu alikuwa fundi wa magari katika gereji moja ya Gikondo, mjini Kigali, na mengi ya magari aliyotengeneza yalikuwa ya wakubwa wa serikali wa Kacyiru. Siku moja mmoja wao alimpa chupa ya divai kutoka Ufaransa kama asante. Baba aliionja, akakunja uso, akamsogezea mama, naye mama akaishia funda moja. Tangu siku hiyo urwagwa, ile pombe ya ndizi tuliyotengeneza wenyewe uani, baba akaiita divai yetu.

"Hii ndiyo divai ya mtu wa kazi," alisema. "Unakunywa leo, kesho unaamka na kichwa chako."

Hakuitengeneza peke yake. Jirani yetu, mtunza ghala ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, alikuja kila Jumamosi kumsaidia. Ndizi zilikuwa zimeshafukiwa shimoni siku nne au tano na kuiva kwa joto la majani ya migomba. Wawili hao walikunja suruali, wakazikamua ndani ya hori la mbao kwa manyasi hadi maji yake yakatoka matamu kama asali. Mama alikaanga mtama, akausaga, akautia humo. Baada ya siku tatu divai ilikuwa tayari, na jioni kabla giza halijaingia wanaume hao walikuwa wakikaa mlangoni na kibuyu kimoja, wakinywa kwa mrija kwa zamu. Baba alianza kuonja yeye, kama mwenye nyumba yeyote kwetu anavyofanya ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Jirani alikuwa akimcheka.

"Miaka yote hii bado unanionjea? Lete huku."

Kitambulisho cha jirani kiliandikwa kabila jingine, si letu. Nililijua hilo tangu utotoni, kama nilivyojua kwamba alikuwa mrefu na kwamba hakupenda pilipili.

Mwaka 1990, mwezi wa kumi, waasi walivuka mpaka na vita ikaanza kaskazini. Watu wa kabila letu wakaanza kukamatwa mjini, wakidaiwa kuwa washirika wa adui. Baba alichukuliwa gerejini asubuhi, mikono yake ikiwa na grisi. Mama na mimi tulizunguka na chakula kwenye malango ya kambi za askari, tukarudishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeanza kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja, na bosi wangu akaacha kunitazama usoni. Miezi mitano baba hakuwepo. Jirani hakuvuka ua hata siku moja. Mkewe alituletea maharage mara mbili, akipitia nyuma, akaondoka bila kukaa.

Baba aliporudi alikuwa amekonda, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena. Hakusimulia alichotendewa. Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa ndizi zifukiwe. Safari hii mama na mimi ndio tuliokamua, yeye akitutazama kutoka kwenye kiti. Divai ilipokuwa tayari, alinituma.

"Nenda kamwite jirani. Mwambie nimerudi."

"Anajua umerudi, baba."

"Nenda tu."

Jirani alikuja. Walisalimiana kwa kukumbatiana, kama desturi, lakini kwa haraka. Baba alionja, akafuta mdomo wa mrija kwa kiganja, akamsogezea kibuyu. Jirani alikitazama.

"Daktari amenikataza," akasema. "Tumbo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Basi onja tu. Kidogo."

"Siwezi, rafiki yangu. Samahani."

Aliketi kidogo, akauliza habari za mkono, akaaga. Baba alibaki ameshika kibuyu magotini. Wiki hiyohiyo nilipita kwenye baa ya njia panda nikitoka kazini, nikamwona jirani amekaa na wenzake wa ghala, chupa ya pombe ya ndizi mkononi. Aliniona. Sikumwambia baba, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri. Huenda naye alijua.

Nilichumbiwa mwaka 1993 na dereva wa malori yaendayo Dar es Salaam, kijana wa kwetu aliyekulia Tanzania. Posa kwetu inahitaji msemaji wa familia, mtu mzima wa kutania na kujibizana na upande wa bwana harusi huku divai ikizunguka. Tangu nikiwa mdogo jirani alikuwa akinitania kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayesema. Baba alikwenda kwake mwenyewe, nami nikamsikia kutoka upande wetu wa ua.

"Tafuta mwingine," jirani alisema. "Siku hizi watu wanaangalia nani anaingia kwa nani. Nina watoto."

"Na mimi nina mtoto," baba akajibu. Hakubishana zaidi.

Aliyetusemea siku ya posa alikuwa mjomba wangu, ambaye hakujua kutania. Divai ilikuwa nzuri sana siku ile, wageni walisema hivyo wote.

Mwanzoni mwa 1994 nilimfuata mume wangu Tanzania. Niliwabembeleza wazazi waje nasi. Mama alitaka kuja. Baba alisema ameshakamatwa mara moja, kibaya kimeshapita. Mwezi wa nne tulisikia redioni habari za mauaji yaliyokuwa yakitokea Kigali, na simu ya gereji ikawa inalia bila kupokelewa.

Nilirudi mwezi wa nane. Nyumba yetu haikuwa na mlango wala bati. Jirani alikuwa amekimbilia Zaire pamoja na umati wa watu wa kabila lake, lakini mkewe alibaki. Alinikuta nimesimama uani, akanisogezea kigoda, naye akakaa chini.

"Walikuja kwetu asubuhi, baba yako na mama yako," akasema. "Baba yako alibisha hodi getini. Alimwita mume wangu kwa jina."

"Mkafanya nini?"

"Tulinyamaza. Niliinuka kwenda kufungua, akanishika mkono. Hakunishika kwa nguvu, mwanangu. Ningeweza kujitoa."

"Wakaenda wapi?"

"Upande wa bondeni."

Huko ndiko tulikoipata miili yao, kwa msaada wa watu waliojua. Nilimtambua mama kwa kitambaa chake, na baba kwa kuwa alikuwa karibu naye. Tuliwazika pamoja. Mke wa jirani alikuja, akasimama mbali, na wakati wa kutupa udongo akasogea akatupa wake. Hakuna aliyemzuia.

Baada ya hapo alinitembelea mara mbili katika chumba nilichopanga na mume wangu Kinyinya, akiniletea mboga. Tuliongea habari za mvua. Mara ya tatu nilimkuta mlangoni nikashindwa kusogea apite.

"Mama," nikamwambia, "usije tena."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo. Aliweka mboga chini akaondoka. Hakurudi, nami sikwenda kumtafuta.